Faili Mbili za Mama

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, hujapotea. Mimi ni karani wa dirisha namba tatu katika kliniki ya mabingwa wa macho, mwanamke wa miaka thelathini na nane, na mama yangu mzazi amepofuka jicho la kulia akitibiwa palepale ninapofanya kazi.

Mlisoma jinsi daktari bingwa alivyompima akamwambia macho yako mazima, mama, uje mwakani. Mkasoma jinsi mama alivyoacha matone yake, na jinsi miezi mitano baadaye alivyomimina chai nje ya kikombe, akaitazama tu ikitiririka mezani.

Wengi wenu mliandika kwa mhariri. Mmoja alitaka yule daktari anyang'anywe leseni. Mwingine alisema angekuwa ni mama yake angemfuata nyumbani. Barua zote nililetewa, nikazisoma. Sikumtetea daktari.

Leo namtetea, kwa sababu kuna neno moja niliwaficha wiki jana.

Lakini kwanza lazima muijue kanuni, nayo ni nyepesi. Barua ya rufaa, ile unayoandikiwa na daktari wako wa kawaida uende kwa bingwa, ina maisha ya mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo ukirudi kwa bingwa wewe ni mgonjwa wa marudio, na bima inalipa ada ya marudio. Mwaka ukiisha unarudi kwa daktari wako, anakuandikia barua nyingine. Kama ugonjwa ni uleule, barua inabadilika lakini faili ni lilelile na ada ni ileile ya marudio. Kama ugonjwa ni mwingine, unafunguliwa faili jipya, na bima inalipa ada ya mara ya kwanza, ambayo ni zaidi ya mara mbili.

Bosi wetu wa malipo tunamwita Asilimia, kwa kuwa hawezi kukuuliza habari za watoto bila kutaja asilimia. Yeye alikuwa na kanuni yake, fupi zaidi. "Barua mpya, mgonjwa mpya." Ugonjwa uwe uleule, usiwe uleule, yeye hakutaka kusikia.

Sasa, mgonjwa mpya hawezi kuwa na dawa za zamani. Fomu ya mara ya kwanza huijaza karani dirishani, na ina kisanduku kinachouliza mgonjwa anatumia dawa gani kwa sasa. Tukiandika ukweli, watu wa bima watauliza vipi mgonjwa mpya ana matone ya presha ya macho ya miaka mingi. Kwa hiyo tuliandika neno moja: hakuna. Kisha tukamwambia mgonjwa, "Ukiingia kwa daktari, jibu unachoulizwa tu."

Wengi hawakutii. Mgonjwa akishakaa mbele ya daktari hueleza mpaka ugonjwa wa jirani yake, na hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Mama alitii. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na aliheshimu kila mtu aliyekaa nyuma ya meza. Ni mtu aliyezoea kusimama mbele ya dawati akasoma daftari la mtoto kichwa chini, akalikosoa kabla mtoto hajamaliza mstari. Dirishani kwangu alisimama hivyohivyo, mkoba kifuani, barua yake mpya mkononi, akaningoja nijaze.

Nikaandika hakuna. Ni mimi. Mama alikuwa na miaka minne kwenye matone, tena nilikuwa nikiyanunua mwenyewe, na niliandika hakuna kwa mkono huu.

Matone yalikuwa yameishusha presha ya macho. Bingwa wa zamani alikuwa amestaafu, na huyu mpya akakuta presha nzuri na fomu inayosema hakuna dawa. Angesema nini zaidi ya kwamba macho ni mazima? Mama akatoka akisema amepona. Nikafurahi. Nilidhani bingwa ameona jambo machoni mwake, kumbe alikuwa amesoma mwandiko wangu.

Basi mkitaka kuandika tena kwa mhariri, anwani mnayo.

Sasa twende Jumatatu.

Saa mbili asubuhi Asilimia alitukusanya makarani watatu nyuma ya mapazia ya mapokezi. Mkononi alikuwa na karatasi arobaini na moja.

"Mkaguzi wa bima yuko stoo ya mafaili tangu Ijumaa," akasema. "Anatafuta wagonjwa walioandikwa wapya mara mbili. Kila mmoja wenu atasaini kwa wagonjwa wa dirisha lake. Ni mstari mmoja tu: mgonjwa mwenyewe alieleza kuwa ugonjwa ni mpya."

Mwenzangu wa dirisha namba mbili tunamwita Kalamu Mbili, kwa kuwa huweka moja kila sikio. Akauliza, "Na kama hakueleza, bosi?"

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ni dirisha langu."

"Basi unakumbuka kwamba alieleza."

Kalamu Mbili akatoa kalamu ya sikio la kulia, akasaini.

Zangu zilikuwa kumi na tisa. Nilizipanga, nikaanza. Ya kumi na tatu ilikuwa ya mama. Nisiwadanganye kwamba sikuiona. Niliona jina, nikaona tarehe, nikasaini kama nilivyosaini zile kumi na mbili za kabla yake, nikageuza ya kumi na nne. Sikusikia uchungu wala aibu. Tangu jicho la mama lizimike nilikuwa nimekufa ganzi, natembea, nakula, nagonga muhuri.

Mama mwenyewe alikuwa palepale, benchi la pili, pazia tu likitutenganisha. Alikuwa na miadi na bingwa saa tano, na nilikuwa nimekuja naye mapema ili nisilazimike kumfuata tena nyumbani.

Saa tano nikaingia naye.

Bingwa wetu, yuleyule mliyetaka anyang'anywe leseni, ni kijana, ana sauti ndogo, na huwaomba radhi wagonjwa kabla ya kuwagusa. Alimtia mama tone la ganzi kila jicho, akamwambia aweke kidevu hapa na paji la uso pale. Nikafikiri angenitia na mimi asingeona tofauti.

Akapima presha ya jicho la kushoto mara tatu. Akaandika thelathini na nne. Nimekaa kliniki hii miaka tisa, najua kwamba ishirini na moja ndiyo mwisho wa heri.

"Matone tuliyoanza mwezi uliopita hayashiki," akasema. "Na hili nalo limeanza kuliwa pembeni. Anahitaji upasuaji, dada. Nisingependa zipite wiki mbili."

"Sawa," nikasema.

"Shida ni bima. Upasuaji huu wanaulipia kama mgonjwa ana historia ya ugonjwa huohuo isiyopungua mwaka mzima. Faili lake lina miezi sita." Akamgeukia mama. "Mama, samahani. Kabla ya hapo hukuwahi kutibiwa macho? Mahali popote?"

Nilikuwa nimesimama kulia kwake, upande usioona, kwa hiyo ilimbidi ageuze kichwa chote ili anipate. Akanitazama kidogo. Kisha akarudi kwa daktari.

"Sijawahi, mwanangu."

"Hata matone ya kununua tu?"

"Hata matone."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilijua hivyo wakati uleule, sikuhitaji kulala nikaamka ndipo nijue. Faili lake la zamani, nene, lenye vipimo vya miaka minne, lilikuwa hatua sitini kutoka tulipokuwa. Nikabaki nimeshika mkoba wake.

Daktari akashusha pumzi. "Nitaandika ombi la dharura. Nimeandika manne tangu nije hapa. Yote yamerudi."

"Na tukilipa wenyewe?"

Akataja kiasi. Ni mshahara wangu wa miaka mitatu, kama nitaishi kwa hewa.

Nje kwenye korido nilimkalisha mama, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, mbona umesema vile?"

"Nimejibu nilichoulizwa," akasema. "Nenda kazini. Watu wamejaa dirishani kwako."

Nikaenda. Hilo nalo mtalishangaa, lakini nilienda. Nikahudumia watu mpaka saa nane kasoro, barua, kadi, muhuri, anayefuata. Akaja fundi cherehani mmoja mzee, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye shati. Barua yake ilikuwa mpya, na jina lake nililikumbuka.

"Ugonjwa ni uleule, mzee?"

"Uleule. Kwani macho yana magonjwa mangapi?" Akainama kwenye tundu la kioo, akashusha sauti. "Mwaka jana uliniambia nikiingia nijibu ninachoulizwa tu. Nikajibu hivyo. Mwaka huu nako ni hivyohivyo?"

Niliitazama fomu. Nikaona kisanduku cha dawa, kitupu, kinaningoja.

"Unatumia matone gani, mzee?"

Akayataja, aina mbili, na saa za kutia. Nikayaandika yote. Juu ya fomu nikaandika marudio, neno ambalo sikumbuki mara ya mwisho kuliandika kwenye barua mpya.

"Mwaka huu sema yote," nikamwambia. "Asipouliza, sema tu."

Nikaweka kibao cha nimetoka kidogo, nikafunga dirisha.

Kalamu Mbili alinikuta mlangoni mwa stoo. Sijui aliusomaje uso wangu.

"Dada, humo usiingie. Tumeshasaini, yamekwisha."

"Nataka faili la zamani la mama. Anapasuliwa."

"Analo mkaguzi. Sikiliza, nakwambia kama ndugu yako. Ukifukuzwa, nani atamnunulia hata hayo matone?"

Ni swali zuri. Nilijiuliza hilohilo kwa mwezi mzima, na kila nilipojiuliza nilipata ruhusa ya kunyamaza. Nikamwambia apishe njia.

Mkaguzi alikuwa ametengenezewa nafasi katikati ya rafu, meza ndogo na viti viwili. Mwanamume wa makamo, sweta la kijani, anachonga penseli juu ya kisosi ili asichafue sakafu ya watu. Nilikuwa nimemtarajia mtu wa kufoka.

"Kaa, dada."

"Nimekuja kwa ajili ya faili la mama yangu."

"Lipi?" akauliza, akayasogeza mbele yangu. Yalikuwa mawili, moja nene lililofungwa kwa uzi, jingine jembamba.

"Yote mawili. Ni mtu mmoja."

"Hata mimi nilidhani hivyo mpaka saa tatu asubuhi. Nikatoka hapo mabenchini, nikaita jina. Akaja mwenyewe."

Akanipa karatasi. Niliujua mwandiko kabla ya kusoma neno. Herufi za darasa la kwanza, za duara, zenye mikia kamili, ila mistari yote ilikuwa inateremka kuelekea kulia, kwa kuwa kulia hakuoni tena.

Mama alikuwa ametamka kwa maandishi kwamba ni yeye aliyemwambia karani kuwa ugonjwa ni mpya. Kwamba fomu ya mara ya kwanza aliijaza mwenyewe, karani akamgongea muhuri tu. Kwamba faili nene halitambui, na huenda ni la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Akasaini, akaweka na tarehe.

Alikuwa amefanya hayo saa mbili nzima kabla hatujaingia kwa bingwa. Ndiyo maana ya lile jibu lake.

"Nilimjaribu," mkaguzi akasema. "Nikampa kipande cha karatasi, nikamwomba aandike neno moja, hakuna. Tazama."

Aliliweka kando ya lile lililo kwenye fomu. "Kazi hii nimeifanya miaka mingi. Sijaona miandiko inayolingana hivi. Angalia k. Angalia mkia wa a."

"Ni yeye aliyenifundisha kuandika," nikasema. "Nilikaa dawati la mbele kwenye darasa lake. Alikuwa akinishika mkono."

Akaiweka penseli kwenye kisosi. Akanisogezea karatasi.

"Andika."

Nikaandika. Yakawa matatu mezani, na hata mimi ningeapa kwamba yametoka kwenye mkono mmoja.

"Sasa nimwamini nani?"

"Mimi. Fomu nilijaza mimi. Na yale maelezo niliyosaini leo asubuhi ni ya uongo, ya mama na ya wale wengine kumi na wanane." Nilizungumza kama mtu anayeita majina ya wanafunzi. Sauti haikutetemeka, na hilo lilinitisha kidogo. "Alikuwa anatibiwa presha ya macho kwa miaka minne. Kila kitu kimo kwenye hilo nene. Anahitaji kupasuliwa ndani ya wiki mbili."

Hakuonekana kushangaa. Alionekana kuchoka.

"Dada, unajua umefanya nini? Wewe ukisema kweli, maelezo ya mama yako yanakuwa ya uongo. Mwanachama akitupa maelezo ya uongo kwa maandishi, kadi yake inafungwa miaka miwili. Kanuni hiyo sikuitunga mimi."

"Amesema uongo kwa ajili yangu."

"Fomu yangu haina kisanduku cha hilo."

Nje mtu alikuwa anagonga kioo cha dirisha langu na sarafu.

"Njia ipo moja," akasema mwishowe. "Ripoti naifunga leo saa kumi. Kabla ya hapo aliyeandika anaweza kuyafuta maelezo yake mwenyewe, bila adhabu. Akifuta, mafaili yanaunganishwa, historia inakuwa ya miaka minne na ushee, na daktari anapata kibali chake. Hata kesho."

"Na mimi?"

"Wewe umeshasema. Kazi ya hapa nadhani imekwisha. Mengine wataamua wakubwa, na wakiamua polisi, ni polisi."

"Sawa," nikasema. Lile sawa langu la siku zote, ila safari hii nilikuwa nalimaanisha.

Akaandika ukurasa mmoja kwa mkono, polepole, kwa wino. Maneno yake yalikuwa ya wazi: kwamba mama anafuta aliyosema asubuhi, kwamba mafaili yote mawili ni yake, kwamba fomu iliyosema hakuna ilijazwa na karani, binti yake, kwa jina. Akanionyesha. Nikakubali.

"Lazima aelewe anachosaini," akasema. "Mlete."

Nikamleta. Nilimshika kiwiko kwenye zile ngazi mbili za stoo, na akahesabu kwa sauti, moja, mbili, kama alivyokuwa akituhesabia.

Mkaguzi akasimama. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bado hujala?"

"Bado, mwalimu." Akachukua faili nene na jembamba, akayakumbatia. "Naenda kutoa kopi huko juu. Mashine yenu ina maringo, nitachukua dakika kumi. Nikirudi tutasoma pamoja kama hamjasoma."

Mlango ukafungwa. Mama akapapasa kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Umemwambia nini huyu?"

"Kweli."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua utaharibu."

"Mama, umejiandikia upofu. Unajua hivyo? Ulikuwa na sababu gani ya kujiingiza?"

"Siku ile dirishani," akasema, "nilikuona ukiandika hakuna. Kichwa chini, kupitia kioo. Nilikuwa naona siku ile."

Miezi sita nilikuwa nimeibeba siri hiyo nikidhani naibeba peke yangu.

"Ulijua?"

"Nilijua umeandika. Sababu sikuijua. Nikasema binti yangu anaijua kazi yake, tena ameniambia nijibu ninachoulizwa."

"Na matone, mama? Ulipoyaacha?"

"Daktari alisema nimepona," akasema. "Na wewe ulifurahi sana."

Nilitaka kulia. Nilingoja machozi yaje, kama mtu anavyongoja kupiga chafya, hayakuja. Nikaichukua ile karatasi, nikaiweka mkononi mwake pamoja na kalamu.

"Saini hapa. Ukisaini, jicho linapona."

"Jicho la bibi wa miaka sabini na moja." Akacheka kidogo puani. "Nimeona ya kutosha. Nimekuona wewe ukisimama dede, nimekuona ukiolewa, nimekuona ukiachika. Sikukusomesha uje kufungwa ili mimi niangalie ukuta."

"Hakuna aliyesema kufungwa."

"Nimefundisha watoto elfu na zaidi. Najua mtoto akiwa anaficha."

Akainua karatasi, akaisogeza kwenye jicho la kushoto. Akaisogeza karibu zaidi mpaka ikagusa pua. Akaipeleka mbali, akaiinamisha kwenye taa. Midomo yake ilicheza, inatafuta pa kuanzia.

Alikuwa ameishika kichwa chini. Hakujua.

Nilimtazama. Na hapo, wasomaji wangu, ganzi iliachia. Iliachia kama inavyoachia mguu uliokaliwa muda mrefu, na ningeomba irudi.

"Huyu kijana anaandika vibaya," akasema. "Imeandikwa nini?"

"Kwamba unafuta uliyosema asubuhi."

"Hayo tu?"

Nikauweka sawa mkoba magotini mwake.

"Nakujua," akasema. "Basi tufanye hivi. Kama jina lako limo humu, siweki kalamu, hata aje mkubwa wao. Kama halimo, nitasaini sasa hivi twende nyumbani." Akanirudishia karatasi, akakunja mikono juu ya mkoba, akageuza uso wote kunielekea ili anipate na lile jicho lililobaki. "Nisomee. Polepole, mstari kwa mstari."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi kasoro robo. Huko juu mashine ya kopi ilinyamaza, na nikasikia viatu vya mkaguzi vinaanza kushuka ngazi.

Ningeweza kumsomea kweli akaipoteza nuru ya jicho lake mbele yangu, kwa hiari yake. Na ningeweza kumdanganya mara ya pili, palepale, kwa kinywa changu, akasaini.

Nikaigeuza karatasi ikasimama sawa. Nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza ulikuwa tarehe. Wa pili ulikuwa jina lake.

Langu lilikuwa mstari wa tatu.